Ngazi Iko Juu

Shemeji yangu anaposimulia jinsi mume wangu alivyovunjika bega, wageni hucheka. Hilo ndilo lililoniharibu mimi. Wangenyamaza tu, au wangeguna kwa huruma, labda ningeendelea kushika usukani na kumeza mate yangu kama mke wa mdogo mtu anavyotakiwa. Lakini wanacheka, na yeye huwangoja wamalize, kasimama katikati ya boti na kitambi chake ndani ya suti ya mpira, kisha anaongeza chumvi.

"Kuna bwana mmoja," ndivyo anavyoanza. Hasemi kwamba ni mdogo wake wa tumbo moja. "Tulimpa jina Bwana Chini ya Ngazi. Mwenzake anapanda na mtungi wa hewa mgongoni, yeye kajikalia chini yake majini kama mtu aliyepata kivuli. Mtungi ukachomoka. Sasa niambieni nyinyi ulitua wapi."

Wakishacheka, anawapa somo. Ukirudi juu baada ya kupiga mbizi, usikimbilie ngazi. Shika kamba inayoelea nyuma ya boti usubiri, mbali na ngazi, mpaka mwenzako aketi ndani. Mapezi ya miguuni usiyavue mpaka umeikamata ngazi. Miwani usoni, kipumulio mdomoni, mpaka umefika ndani ya boti. Nahodha akikuita, ndipo uje.

Somo ni la kweli na silipingi. Ni la mume wangu, neno kwa neno, yeye ndiye aliyekuwa akilitoa kabla mkono wake wa kulia haujawa wa kuning'inia. Cha uongo ni kimoja tu. Mume wangu hakwenda kukaa chini ya ngazi. Aliitwa.

Ile boti waliachiwa na baba yao, wao wawili, nusu kwa nusu. Ngazi ya nyuma ilikuwa fupi, haikugusa popote kule chini, kwa hiyo mtu mzito akiipanda ilikuwa inapepesuka na kugongagonga. Shemeji ni mzito, na ngazi inayopepesuka anaiogopa, ingawa ukimwambia hivyo atakununia wiki nzima. Basi tangu ujana wao ukawa mtindo: kaka mkubwa anapanda kwanza, mdogo anaingia chini anashika miguu ya ngazi. Hakuna aliyewaza kufunga kamba wala kununua ngazi ndefu. Ilikuwa adabu. Mama mkwe alipoambiwa alifurahi, akasema wanawe wanasaidiana.

Na mume wangu alikuwa akijua ni hatari. Asubuhi anawakataza wageni, adhuhuri anafanya yeye, kwa sababu anayeita ni kaka.

Siku ile shemeji alichelewa, akafunga mtungi wake mwenyewe. Ule mkanda unaobana mtungi kwenye jaketi la kuelea ni wa kitambaa. Ukiufunga ukiwa mkavu, ukiingia majini unalegea, ndiyo maana mume wangu alikuwa na ndoo ya maji pale na kila mkanda aliulowesha kwanza. Shemeji hakuwa na muda wa ndoo. Waliporudi juu, mimi niko kwenye usukani, nikamsikia kwa masikio yangu haya akisema, "Mdogo wangu, nishikie ngazi." Akapanda. Alipoinama kuingia ndani, mtungi ukateleza ukatoka kwenye mkanda wake, ukashuka na mipira yake yote ya kupitishia hewa, ukampata mume wangu kati ya shingo na bega.

Mume wangu akiwa bado chumba cha upasuaji, shemeji kwenye benchi la nje alikuwa tayari anawaeleza ndugu na mtu wa chama cha wapiga mbizi: "Sijui alifuata nini chini ya ngazi." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na viatu vyake mkononi, vya mume wangu, vinachuruzika maji. Nikasema, si ulimwita? Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa homa. "Shemeji umechanganyikiwa, kaa kidogo," akasema, na mashangazi wawili wakanikalisha.

Chama kikamnyang'anya mume wangu cheti cha kupiga mbizi kwa uzembe. Alipopata fahamu nilimwambia aseme. Akasema niache. Nikamwuliza niache nini. "Ni kaka yangu," akasema, akageukia ukutani. Kinyongo chote kilichompasa akawa kama amenikabidhi mimi nimtunzie, na mimi kitu nikikabidhiwa nakitunza vizuri.

Kisha kikafunguliwa chuo cha kupiga mbizi, wakawa wanatafuta mwalimu wa darasani, wa kufundisha usalama ubaoni, asiyehitaji kuingia majini. Mume wangu aliposikia, alifufuka. Akaomba. Jioni alipanga viti vya sebuleni mstari mmoja, mimi na watoto tukawa wanafunzi, yeye anafundisha kwa mkono wa kushoto na kipande cha chaki kwenye mlango wa kabati. "Kipumulio hakitoki mdomoni," anasema, "mpaka makalio yamegusa boti. Wewe wa nyuma, rudia." Wa nyuma ni mimi. Narudia. Kwa muda mrefu sikuwa nimemwona akimsumbua mtu yeyote, na nilifurahi kusumbuliwa.

Jibu la chuo likawa kwamba Mkuu atafikiria, maana amesikia mwombaji ndiye yule wa chini ya ngazi.

Mkuu mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na maneno machache, ndiye aliyepanda boti yetu asubuhi ile na wageni wengine watatu. Alitaka kuona kama pale panafaa wanafunzi. Shemeji akatoa hadithi yake. Wageni wakacheka, Mkuu hakucheka.

"Huyo ndiye aliyeomba kazi kwangu?" akauliza.

Shemeji akashusha sauti, ile sauti yake ya msibani. "Mkuu, ni mdogo wangu na nampenda. Lakini nikuambie ukweli, kichwa chake hakitulii. Mimi nisingemwachia watoto wa watu."

Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Alijua nasikia. Miaka yote alikuwa akijua nasikia, na hilo halikuwahi kumnyima usingizi.

Nimewahi kufikiria mengi ya kumfanyia mtu huyu. Nikiosha vyombo nilifikiria, nikianika suti za mpira kwenye chumba chetu cha vifaa nilifikiria, na mengine siwezi kuyasema mbele za watu wenye akili zao. Lakini hewa ya mtu sichezei. Siku ile nilipata kitu bora, na kilikuwa halali, au nilikiona halali. Shemeji ana siri ambayo si siri: chini ya maji yuko salama, ndani ya boti yuko salama, ila akielea juu, kichwa tu kikiwa nje, wimbi likimpandisha na kumshusha, anatapika kama mtoto. Ndiyo sababu hasa ya yeye kupanda wa kwanza siku zote. Ukubwa ni kisingizio.

Wakazama, shemeji akiwaongoza. Nikazima injini, ufunguo nikauweka mfukoni, nikatupa kamba ya nyuma na boya lake, nikashusha ngazi, nikakaa. Upepo ulikuwa umeanza kuongezeka na mawimbi yalianza kuwa na mgongo. Nikayatazama kwa mapenzi.

Waliporudi juu, yeye akaja moja kwa moja kwenye ngazi, akaishika.

"Shemeji, napanda."

"Wageni kwanza, shemeji," nikasema kwa adabu zote. "Si ndivyo ulivyowafundisha?"

Wageni walikuwa wameshika kamba wanasikiliza. Angefanyaje? Akaachia ngazi, akarudi kwenye kamba. Nikawaita mmoja mmoja, taratibu, sijawahi kuwa mwangalifu hivyo. Kila mmoja alinipa kwanza mkanda wa risasi, ule wa vipande vizito vya kumzamisha mtu, akaikamata ngazi, akanipa mapezi, akapanda na miwani usoni na kipumulio mdomoni, mimi nimeshika mtungi wake kwa juu mpaka anakaa. Mmoja nilimwambia apumzike majini kwanza mapigo ya moyo yatulie. Mwingine nilimkagua mkanda mara mbili. Mkuu akapanda wa mwisho, kama anavyotakiwa mtu kupanda, na alipokaa akanitazama kidogo zaidi ya kawaida.

Akabaki shemeji peke yake. Nikaivuta ngazi juu. Inapogonga chuma cha boti ina mlio wake, na mlio ule aliusikia.

Akatoa kipumulio. "Ngazi ina nini?"

"Ngazi haina neno. Iko juu tu."

"Sasa ishushe."

"Nitaishusha. Kwanza nina swali dogo. Siku ile aliyovunjika bega mdogo wako, nani alimwita chini ya ngazi?"

Akawachekea wageni kutoka kule majini, kama vile wote wako upande wake. "Huyu shemeji yangu ana utani sana."

Mgeni mmoja akacheka naye, kisha akaniona uso akaacha.

"Nani alimwita, shemeji?"

"Shusha ngazi. Unanichezea mbele ya wateja, kwenye boti yangu?"

"Nusu yako," nikasema. "Na hiyo nusu yako iko majini na wewe. Hii niliyosimama juu yake ni yetu."

Wimbi likambeba, likamwacha. Akarudisha kipumulio mdomoni, akaogelea akazunguka boti upande wa mbele, akitafuta pa kushika. Ubavu wa boti yetu ni mrefu, aliuchagua mwenyewe enzi za baba yake, akisema boti yenye ubavu mrefu inaheshimika. Akaupapasa, akarudi nyuma. Rangi ilikuwa imeanza kumtoka. Nilikuwa nimeingoja rangi ile.

"Nahodha," Mkuu akasema nyuma yangu, "shusha ngazi."

"Mkuu, ulikuja kuuliza habari za mume wangu. Ukamwuliza huyu. Mwache amalize kujibu."

Hakusema tena. Nilichukulia kwamba amekubali. Leo nadhani alikuwa anapima tu umbali kati yake na ngazi.

Shemeji akatoa kipumulio akatapika. Wimbi likaja, akatapika tena, mikono yote miwili imeng'ang'ania kamba. Nisiwadanganye, nilisikia raha. Ilianzia kwenye nyayo ikapanda. Nilimwona pale, mtu mzima, mate na machozi usoni, wageni wake wote wanamtazama, na hakuna aliyecheka, na nikasikitika kidogo kwamba hakuna aliyecheka.

"Nilimwita," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo lakini ilifika.

"Hatusikii huku," nikasema.

Akaniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa kwao aliniangalia kama mtu anayeangalia mtu. Kisha akainua kichwa, akafungua mdomo wote, akapiga kelele: "Nilimwita mimi. Nilimwambia anishikie ngazi. Mkanda nilifunga mimi, mkavu, yeye hakuwa na ko—"

Wimbi likamwingia mdomoni.

Alikohoa, akavuta pumzi katikati ya kukohoa, akavuta maji. Akaachia kamba. Jaketi lake lilimwelesha, lakini uso ukalala majini, na mkondo ukaanza kumvuta nyuma. Mkono wangu ukaenda mfukoni kwenye ufunguo, nikakumbuka pangaboi la injini na mtu aliye nyuma ya pangaboi, nikauacha ufunguo. Nikashika ncha ya kamba nyingine nikaruka na nguo zangu.

Sikumbuki nilimfikiaje. Nakumbuka uzito wa kichwa chake nilipokigeuza. Nakumbuka nilimwambia, "Pumua, pumua wewe," na tusi ambalo mke wa mdogo mtu hamwambii shemeji yake. Wageni wakatuvuta kwa kamba. Mkuu alikuwa ameshashusha ngazi na ameilalia kwa kifua isipepesuke. Nikamvua shemeji mkanda wa risasi, nikamvua jaketi na mtungi majini humohumo, nikavifunga kwenye kamba vielee. Wao wakamvuta kwa juu, mimi nikamsukuma kwa chini. Mimi niliyemlilia mume wangu kwa sababu ya pale pale, nikawa pale, chini ya ngazi, chini ya mtu yule yule, ambaye hata bila mtungi anatosha kuvunja shingo ya mtu. Aliteleza mara moja akanikalia kichwani. Akapanda.

Akalala sakafuni anakohoa, akatoa maji, akapata pumzi. Mkuu alimpa hewa ya dharura kutoka kwenye sanduku na kumfunika taulo. Njiani kurudi aliita gari la wagonjwa kwa simu. Niliendesha mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine, na tulipofunga boti gari lilikuwa linangoja.

Mkuu alikaa mpaka wamemchukua. Kisha akanijia, nikiwa nakunja kamba.

"Mumeo aje Jumatatu," akasema. "Nilichosikia leo nitakiandikia chama. Cheti chake watamrudishia."

Nikataka kumshika mkono. Hakuutoa.

"Na nilichokiona nitakiandika pia. Unahodha wako umekwisha. Nipe hicho cheti chako nikipeleke mwenyewe, kabla hujaamka kesho ukajidanganya kwamba hukukosa."

Kilikuwa kwenye droo ya usukani, ndani ya plastiki, na picha yangu nikiwa bado msichana. Nikampa. Nilimpa haraka, kwa kiburi, kama mtu anayelipa kitu na kuona kimeuzwa rahisi.

Nyumbani nilimkuta mume wangu ananyoosha shati kwa mkono wa kushoto, kakandamiza kola kwa kiwiko cha ule wa kulia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, nguo bado zina chumvi. Nilianza na la Jumatatu. Nilitegemea aangushe pasi, anikumbatie, alie hata kidogo. Akaendelea kunyoosha. Nikafika kwenye ngazi, akaizima pasi.

"Alitoa kipumulio akiwa majini?"

"Angesemaje na kipumulio mdomoni?"

"Bahari ilikuwaje?"

"Ya kuchafuka kidogo."

Akaisogeza pasi pembeni. Huko nje mtoto alikuwa anapiga mpira ukutani na nikatamani aingie aulize chochote.

"Alisema mara ya kwanza, ukamwambia hamsikii."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umesikia?"

Miaka kumi na miwili mizima ya ndoa sijawahi kumdanganya mtu huyu, hata kwa mambo ya kitoweo. "Nilisikia," nikasema.

Alikunja shati lile, ambalo ndiyo kwanza limenyooshwa, akaliweka juu ya kiti. Hakunigombeza. Ningekuwa nimepata nafuu kama angenigombeza, maana kwa ugomvi mimi sijambo, lakini alikwenda tu kukaa kitandani na kuvua soksi, moja, kisha nyingine, kwa taabu ile ile ya siku zote, na nilipoinama kumsaidia akasogeza mguu.

"Nimekupatia jina lako," nikamwambia. "Wewe ulishindwa kulidai."

"Sikushindwa. Sikutaka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua atakayelipia si yeye." Akaitazama mikono yangu, iliyokuwa imechubuliwa na kamba. "Wewe kwenye maji ndiko ulikokuwa na raha. Nilikuwa nakusikia ukirudi unaimba."

Sikujua kwamba nilikuwa naimba.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele yangu avalishwe shati, kwa sababu vifungo vidogo kwa mkono mmoja vinamshinda. Chaki ilikuwa mfukoni tayari. Alinukia sabuni. Nilianza kufunga kutoka chini, na tulikuwa hatujasema la maana tangu siku ile.

"Nitapitia hospitali kwanza," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kumwona kaka. Bado anakohoa."

"Alikuja yeye kukuona wewe hospitali?"

"Alikuja. Alilala sakafuni pale chini ya kitanda changu mpaka nikatoka. Hukumwona kwa sababu alikuwa anangoja uondoke."

  Hasira ilikuwapo, nzima, haikupungua hata kidogo, na haikuwa na pa kwenda. Nikafunga kifungo cha tatu, cha pili, nikafika cha shingoni, ambacho hakipendi kwa sababu kinamkaba, na hajawahi kunitaka nikifunge. Nikakifunga. Nikakaza na kola. Akanyoosha shingo akanisubiri nimalize, akachukua mkoba wake akatoka, na kupitia dirishani nilimwona amesimama barabarani, anahangaika nacho kwa vidole vya mkono wa kushoto.